Kitu Kinaungua

Tulikuwa tumeipita Majengo, mteremko wa Kisumu umeanza,
Mama akasema, "Kitu kinaungua."
Sikujibu. Nilikuwa na leseni ya wiki tatu
na mikono iliyoshika usukani kama inayoshika kuku wa watu.

Akateremsha kioo, akanusa. Mpira, akasema.
Kegode, nyuma: "Si mpira. Waya.
Waya ukiungua unakukwaruza hapa," akajishika kongomeo.
Mimi nilidhani breki, maana nilizikanyaga tangu juu kwa woga.
Isiwe klachi, niliomba. Klachi ni mshahara wa mwezi.
Mmbone wangu, miaka sita, mapajani pa mjomba wake:
"Mahindi. Kuna mtu anachoma mahindi."
Tukamwambia anyamaze.

Baba angejua.
Hakuna aliyelisema hilo.
Baba alikuwa akizima redio ili alisikilize gari,
na asubuhi aligonga boneti mara tatu kabla ya kuwasha,
nasi tukimcheka dirishani.
Tangu tumzike, wiki kumi na moja,
Sunny yake nyeupe ilisimama kando ya ghala,
kuku wakalala juu yake,
nasi tukipita tukitazama migomba.

Kiboswa, nikaegesha mbele ya duka la matairi.
Akaja fundi mwembamba, Nyagudi,
spana mfukoni mahali watu huweka kalamu.
Hakugusa kitu. Aliinama kwenye kila gurudumu, akavuta pumzi
kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyamimina.
"Breki zimepata moto, lakini si hizi."
Harufu huja ukipanda au ukishuka? Ukiwasha taa?
Ina utamu ndani, kama sukari iliyoungua?
Utamu ni maji ya radieta. Ukali ni oili juu ya ekzosi.
Na ukisikia samaki pasipo samaki, alisema, ni plastiki ya waya.
"Basi Kisumu nzima ina shida ya waya," akasema Mama,
na Kegode akacheka mpaka akakohoa.

Boneti ikafunguliwa.

Juu ya injini, penye joto, palikuwa na nyumba:
nyasi kavu, manyoya ya kuku, magunzi mawili,
punje za mahindi, nyeusi upande mmoja,
na oili ikichuruzika kutoka gasketi ya juu
ikiinywesha nyumba ile tone kwa tone.
"Panya," alisema Nyagudi. "Mamboleo mngefika na moto."
Mmbone hakusema kitu.
Alitutazama tu, mmoja mmoja.

Fundi alikitoa kiota kwa koleo, akakiweka juu ya gazeti.
Waya mmoja umetafunwa hadi shaba; akauzungushia tepu.
Akakaza boliti za kifuniko, robo mzunguko, basi:
"Ukikaza kwa hasira, kinapasuka."
Gasketi mpya tutafute mjini. Oili tuipime kila asubuhi.
Mia nane.

Mama alikuwa amechuchumaa kwenye gazeti,
anakichambua kiota kama mchele.
Ndani kabisa, pale walipolala watoto wa panya,
karatasi zilizochanwa laini, za mistari ya buluu:
lile daftari la petroli tulilolitafuta hata chini ya kitanda.
Akanipa kipande. Macho yake ndiyo tuliyokuwa tukiyapeleka kliniki.
"Nisomee."
*Lita 10, Chavakali. Inalia mbele kushoto. Si mbaya bado.*
"Hilo tu?"
Hilo tu.
Akakifunga kwenye pindo la leso,
kutoka pindo lile lile akatoa mia nane.

Tukateremka gia ya pili, vioo vyote chini.
Mbele kushoto palikuwa pakilia, kweli, kidogo.
Redio ilikuwa imezimwa; sikumbuki ni nani aliyeizima.
Mamboleo nikasimama bila kuulizwa,
tukamnunulia Mmbone hindi zima, la moto,
naye akalila polepole, peke yake,
bila kumpa mtu.