Rafu Mbili za Thomasine

Meli huja mara mbili kwa mwaka:
Julai barafu ikikubali, Septemba ikianza kukataa.
Katikati ya hapo duka la Thomasine ndilo dunia,
unga, betri, soksi, maziwa ya kopo,
na nyuma ya kaunta, rafu mbili za risasi.

Baba aliniachia bunduki ya Kijerumani.
Kitako cha mjozi, kimenakshiwa kulungu na majani,
mnyama asiyewahi kuonekana Greenland ya huku kwetu,
wala mti wa kumficha.
Ukiiinua, yenyewe hutafuta bega.
Risasi zake zilitoka kiwanda ambacho siku hizi,
nasikia, kinatengeneza vitasa vya milango.
Zimebaki nne.

Thomasine hakuniuliza nataka nini.
Alifuta vumbi kwa kiganja, akasema: "Soma."
Chini, ndogo, za sili anayechungulia tunduni,
kichwa tu, ngozi ibaki nzima.
Juu, nene kama kidole changu cha mwisho,
za yule ambaye usiku hatumtaji.
Aina mbili, basi. Kijiji kizima hula kwa hizo.
"Ya baba yako nzuri," akasema,
"lakini ikiishiwa, ni mwiko wa kusongea ugali wa nani?"

Nikatoka na bunduki ya chuma na plastiki,
nyeusi kama sufuria, mbaya kama deni,
bei yake ngozi tisa.
Nikaipangusa mafuta yote, maana huku mafuta huganda
na chuma hukataa kuamka.

Machi, mbwa walibweka kwa sauti ile moja.
Alikuwa kwenye kichanja cha nyama,
hatua ishirini, hana haraka.
Ya kwanza nilipiga hewani. Akageuka,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.
Ya pili ilichimba theluji.
Nikatia mkono mfukoni: tobo.

Massaati, jirani tusiyesemezana tangu ile kesi ya mbwa,
alifungua dirisha, akanirushia tano zake,
tatu zikazama thelujini, mbili nikazidaka.
Ziliingia. Ziliingia kama zangu.

Asubuhi tuligawana nyama, bado hatusemezani sana.

Ya baba iko ukutani.
Kila Jumapili naishusha, naiinua begani,
nalenga mlima ulio ng'ambo,
kisha nairudisha, na wale kulungu wake
wanaendelea kungoja msitu.