Kilomita Saba

Barabara mpya ilipofunguliwa
tulipiga honi, mimi na Dadi, toka Mkoani mpaka Wete.
Haina ile kona ya mkorosho
iliyokuwa ikinivunja kiuno,
haina mteremko ambao Dadi alikuwa akishuka na gogo
akikimbia ubavuni mwa tairi la nyuma
tayari kuzuia.
Lami nyeusi, imenyooka kama mstari wa daftari.
Nikasema alhamdulillahi.
Nikasema kwa sauti.

Mwisho wa mwezi Asaa akanisomea buku:
Mkoani–Wete, khamsini na nne.
Nikamwambia, sitini na moja, mwanangu,
tangu gari hili lina rangi.
Akaigonga kalamu mezani.
"Ilikuwa, mjomba. Sasa imepungua."

Kilomita saba.
Mia nne kila moja.
Wameinyoosha njia
wakaukunja mshahara wangu.

Msellem si mtu mbaya, nisimsingizie.
Mama alipofariki alitoa sanda
na gari la kuchukulia watu.
Bei hii hakuitunga yeye, anasema,
kaikuta bara, kwa wenye magari yaendayo Tunduma.
Huko dereva hulala akaamka
bado yumo njiani, namba zinabingirika,
kila mkorogo wa gia una senti yake.
Lakini Pemba, Bwana Msellem!
Pemba ukikohoa Chake umesikika Wete.
Ukikipima kisiwa hiki kwa kilomita
utanilipa nini? Kinakwisha kabla ya chai.

Kazi yangu mimi haimo njiani.
Imo getini, Mkoani,
siku mbili nikingoja meli ya saruji
iliyosema alfajiri bila kutaja ya lini.
Nalala chini ya bodi, mbu na mimi,
kipima mwendo kimetulia kama jicho la samaki.
Karani wa gati nampa soda, sikwambii ya nini.
Mifuko mia mbili inapanda kwa migongo ya watu;
ukipasuka mmoja, unaandikiwa jina langu.
Msimu wa karafuu nangoja mizani,
polo kwa polo,
mwenye karafuu anaapa zimekauka,
mwenye mizani anazitia mkono, anatikisa kichwa,
na mimi katikati, injini nimeizima,
sina kilomita, sina cha kudai.
Kurudi mtupu hakuhesabiwi.
Pancha haihesabiwi.
Na Dadi hulipwa toka mfukoni mwangu,
kwa hiyo zile saba zimemkata na yeye,
ambaye hata gogo hashuki nalo tena.

Nilimwuliza Msellem:
kila asubuhi nalizunguka gari
nikigonga matairi kwa nyundo;
mizunguko hiyo ikikusanywa, itafika wapi?
Akacheka. Kweli alicheka, mpaka akafuta macho.
"Itafika Mombasa," akasema.
Kisha akasema atafikiri.
Huu mwezi wa tatu anafikiri,
na kufikiri nako hakuna kilomita.

Juzi usiku binti yangu Zuwena, darasa la tano,
kaleta daftari karibu na taa.
Hesabu kaitunga mwalimu wao:
Gari limeondoka Mkoani saa mbili asubuhi.
Linakwenda kilomita khamsini na nne kwa saa.
Mpaka Wete ni kilomita khamsini na nne.
Litafika saa ngapi?

Hata mwalimu kashajua.

Nikamwuliza, limebeba nini?
Akasema, haikuandikwa.
Limepakiwa na nani? Meli imeshafunga gati?
Dereva kala?
"Baba, ni hesabu tu."

Nikautazama mkono wangu juu ya daftari,
kucha zina saruji iliyoishinda sabuni.
Kwangu mimi gari lile halijaondoka.
Liko getini, Dadi kalala juu ya turubali,
miguu inaning'inia,
na jua limeshapanda.

"Saa tatu," nikamwambia. "Andika saa tatu."
Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri,
na kesho yake akarudi na vema.