Figili

Hokkaido, mwaka wa sabini na tisa. Theluji ya mwezi wa tatu
bado imeegemea ukuta wa wodi.
Daktari Aizawa aliandika faili kwa Kijerumani,
ili jicho la mgonjwa likiteleza
lisipate pa kushika.
Sisi wauguzi alitunong'oneza:
mkiulizwa, ni kidonda cha tumbo.
Kidonda. Basi.

Nami nikasema kidonda.
Nikalisema asubuhi nikimpima joto,
nikalisema nikibadili shuka,
hadi neno likachakaa mdomoni
kama kitambaa cha deki.

Walioambiwa ni jamaa zake. Ndivyo tulivyofanya:
mwili ni wake, habari za mwili
akakabidhiwa mwanawe Yasuo, ukumbini,
kofia mkononi, akiinama mara tatu:
Tafadhali, baba asijue.
Mkewe Shizu hakuinama. Alimenya matufaha,
ganda moja refu lisilokatika,
akisema, Kidonda kikifunga utakula hata maganda.

Mzee Kuramoto alikula vipande viwili.
Cha tatu alikificha kwenye leso, nikakitupa mimi.
Hiyo ndiyo ilikuwa siri yetu ya kwanza.

Usiku mmoja, zamu yangu, mabomba ya joto yakigonga ukutani,
aliniita kwa jina, si kwa cheo.
"Hatsue, wewe ni mtoto wa mkulima."
Nikakubali.
"Nina robo ekari chini ya reli.
Nataka kuagiza mizizi ya asparaga."
Akanyamaza, akanitazama.

Asparaga, kwa asiyeijua: unaifukia leo,
mwaka wa kwanza huigusi,
wa pili huigusi,
wa tatu ndipo unashika kisu.

Hakuniuliza habari za tumbo. Hakuniuliza Kijerumani.
Aliniuliza shamba,
na baba yangu alinifunza mengi mabaya
ila hakunifunza kumdanganya mtu kuhusu shamba lake.
Nilihesabu matone ya dripu. Kumi na tisa. Ishirini.
Nilimfikiria Yasuo na kofia yake.
Nikasema, "Mwaka huu, panda figili."

Figili ni siku sitini.

Hakulia. Alivuta blanketi hadi kidevuni
kama mtu aliyelipwa deni pungufu, lakini amelipwa.
"Figili ni nzuri," akasema. "Shizu anazipenda zilizolala chumvini."
Na nilipofika mlangoni:
"Asijue kwamba najua.
Amejichosha sana kunificha."

Siri ya mtungi aijuaye kata;
lakini kata hii ilichovywa mitungi miwili
chumba kimoja, kitanda kimoja,
ikatembea kwa viatu vyeupe
ikiombwa isidondoshe.

Shizu, ukumbini: "Hajui, sivyo?"
"Hajui."
Hadi leo sijui kama uwongo ule
ulikuwa wangu, au nilimbebea mtu.

Mwezi wa tano alipewa ruhusa ya siku nne.
Akarudi na udongo chini ya kucha.
Niliuona. Sikuuosha.

Mwezi wa nane akafariki.
Daktari aliandika na hilo kwa Kijerumani.

Shizu alikuja vuli ilipoanza, na furushi la gazeti.
"Miaka thelathini na sita ya ndoa," akasema,
"hajapanda figili chini ya reli.
Alikuwa akiziita zao la wenye haraka."
Akasubiri.
Nikapokea kwa mikono miwili, nikainama,
nikabaki nimeinama,
maana aliyenikabidhi alikuwa chini ya ardhi
na hakuna darasa lililonifunza
kama mauti huifungua siri
au huipigilia misumari.

Nimestaafu. Siku hizi mgonjwa huambiwa mwenyewe,
hutia sahihi, huulizwa nani ajue na nani asijue.
Ni vizuri. Nadhani ni vizuri.
Ila nikikata figili usiku, nyembamba, kabla ya chumvi,
hulikumbuka lile ganda lisilokatika,
mikono ile isiyotetemeka,
na hujiuliza kama naye alijua kwamba anajua,
na yale matufaha yote
yalikuwa yakimenywa kwa ajili ya nani.