Mita Sitini na Mbili

Karani Faki Mbarouk kaniuliza
kwa nini natoboa ukuta wa mahakama.
"Si kuna ya hewani siku hizi?"
Nikamwambia: hewa ya Chake haijui kufumba mdomo.
Habari ya Machomane asubuhi
adhuhuri ishafika Wawi, imeota na mkia.
Waya una ncha mbili tu,
na zote mbili nazijua.

Jiwe na chokaa, unene wa mkono mzima.
Keekee ililia hadi alasiri,
vumbi likanijaa ushungini, nikazeeka kwa siku moja.
Upande wa pili ni stoo ya majalada.
Tuliyatoa kwa toroli, mie na Hamadi Shaame,
mchwa wakimwagika njia nzima.
Kila jalada lina jina mgongoni.
Sikuyasoma.

Mama alikuwa akisuka ukili.
Mie mwanawe nanyoosha nyuzi nane za shaba:
nyeupe ya chungwa, chungwa,
nyeupe ya kijani, buluu,
nyeupe ya buluu, kijani,
na zile mbili za kahawia mwisho, kama wageni waliochelewa.
Kiwandani wamezisokota mbili mbili
ili kelele ya nje isipate pa kuingia.
Ukiukosea mmoja
kamera inakodoa jicho na haioni kitu.

Kamera yenyewe ndogo, haizidi kungumanga.
Haina waya wa umeme;
huo huo unaopeleka picha ndio unaoilisha.
Kinasa sauti nimekiweka nyuma ya jagi la maji.
Spika moja, ya sauti ya hakimu peke yake.
Skrini hapa hakuna. Iko kule, ukumbini:
wao wamuone yeye,
yeye asimuone mtu.

Na kidude chekundu, kilikuwa kengele ya mlango.
Akikibonyeza, mezani kwa hakimu inawaka taa
na kila mtu ananyamaza.
Hata wakili.
Hata yule.

Nikakaa kitini kwake kujaribu.
Miguu yangu inafika chini, yake haitafika;
nikaenda kutafuta kigoda.
"Sema chochote," Hamadi ananiambia kutoka ukumbini.
Nikasema: leo nimekula muhogo na dagaa.
"Nakusikia kama uko begani kwangu. Endelea."

Sikuendelea.

Mwaka ule hapakuwa na stoo iliyofagiliwa.
Nilivaa sare ya skuli, imepigwa pasi.
Yeye alikuwa hatua nne kutoka kwangu,
anajifuta jasho kwa leso aliyoipinda pembe nne.
Wakaniuliza.
Nikasema sikumbuki.
Wakaniuliza tena, kwa upole,
nikasema sikumbuki,
na jalada likafungwa kwa utepe mweupe.

"Mize? Waya umekatika?"
Haukukatika, Hamadi. Mita sitini na mbili, mzima.
Ni mie niliyenyamaza.

Siku yenyewe nimekaa ukumbini nje,
kwenye kabati la chuma lenye swichi na betri,
maana umeme wa huku haujui siku ya kesi.
Mlango umefungwa. Sisikii neno, na haifai nisikie.
Mbele yangu ni vitaa vya kijani, safu moja.
Cha tatu ndicho chake.
Kinapepesa.
Fundi aliye ndani yangu anasema hiyo ni picha tu,
picha haikomi kupita hata mtu akinyamaza.
Namwambia fundi akae kimya.

Mara karani anatoka mbio na bilauri:
taa nyekundu imewaka.
Anaingia stoo. Anatoka. Ananiinamishia kichwa.
Dakika mbili, tatu,
hakuna aliyemharakisha.

Kisha mlango unafungwa tena,
na cha tatu, hakijaacha, kinapepesa,
kinapepesa.
Anasema.