Vidole Viwili

Mara ya tatu tangu Shaabani
nampelekea Fundi Abudi gauni lile lile.
Hasemi. Anageuza upindo, anapima kwa ukucha
nguo iliyosalia ndani:
"Hapa pana vidole viwili tu, mwanangu.
Baada ya hapo ni kitambaa kingine."

Njiani Langoni wananisalimia mashavu kwanza.
"Mashaallah, umenawiri! Nani anayekulisha?"
Nacheka.
Anayenilisha ni kidonge cheupe,
nusu asubuhi, kizima usiku,
ndani ya kopo la zamani la iliki
ili mavyaa asiulize.

Mwaka jana nilikonda, wakanisifu pia.
Hawakuniona nimekaa ukingoni mwa birika
tangu alfajiri hadi adhuhuri,
kata mkononi,
nimesahau maji ni ya nini.

Sasa nakumbuka. Nakumbuka hata njaa:
saa nane za usiku, wali wa jana,
nakomba sufuria gizani
polepole, kijiko kisilie.
Kilo kumi na moja.
Nazichukia. Lakini aliyekuwa birikani
hakuwa na nguvu ya kuchukia kitu.

"Fundi, haya, tia kitambaa kingine."
"Rangi gani?"

Ni siku nyingi sijaulizwa rangi.