Lebo Zilizobaki

Miaka thelathini na moja
Ghislaine Audibert amekaa mwisho wa mkanda,
pale chupa zinapofika uchi,
zimejaa, hazina jina.
Kuliani pake lebo nyeusi, na kifuniko
kizito kama nati ya trekta: Kwa Wanaume.
Kushotoni lebo ya pinki, na utepe
ambao lazima ufungwe kwa kidole: Kwa Wanawake.

Pipa lilikuwa moja.
Alilijua hilo yeye, na Honorin wa chumba cha mapipa,
aliyejaza nyeusi Jumatatu na Jumanne,
na za utepe siku zilizosalia,
kwa mrija ule ule, bila kuusuuza.
"Nisuuze nini?" alikuwa akisema. "Nitoe nini, niache nini?"
Zenye utepe zilizidi bei kwa yuro nne.
Utepe wenyewe haukufika senti sita.

Chema chajiuza, husema watu
ambao hawajawahi kufanya kazi ya lebo.

Mama yake alichuma yasmini chini ya mji huu wa Grasse,
vidole vimelowa, jua bado liko nyuma ya kilima,
maelfu ya maua kuipata kilo moja.
Baba alibeba vikapu hadi kwenye mizani.
Jioni aliingia mkahawani na wenzake,
wanaume wa mabega, wa kucha nyeusi, wa matusi mazito,
wananukia kama chumba cha bibi harusi,
na hakuna aliyecheka,
hakuna aliyenusa kwapa lake kwa aibu.
Ile ilikuwa harufu ya ujira.

Sijui ni lini ua lilivishwa suruali.

Najua tu kwamba katika lugha ya Ghislaine
kila kitu huzaliwa na jinsia yake:
waridi ni la kike, yasmini ni ya kiume,
harufu ya kike, marashi ya kiume,
na hakuna anayekumbuka nani aliyapima.
Mimi namwandika kwa lugha isiyouliza.
Yeye, nasema. Yeye, na yeye, na yeye.
Hata hivyo kwetu pia tumeulizana mengi.

Machi, ofisi ikatuma Bwana Terrasson,
kijana wa viatu bila soksi.
Dakika arobaini alieleza, na picha ukutani,
kwamba harufu haina mume wala mke,
kwamba dunia imebadilika.
Sasa chupa ni moja, lebo nyeupe, namba tu: 14.
Honorin alikohoa kwa muda mrefu.
Bei ikapanda yuro kumi na mbili.

Roli za zamani zikaamriwa kuchomwa.
Ghislaine alificha mbili ndani ya aproni,
nyeusi moja, ya pinki moja.
Kuiba? Labda. Alizibandika miaka thelathini na moja,
alitaka japo mara moja azibandike apendavyo.

Jamu ya parachichi kavu: Kwa Wanaume.
Nyundo, msumeno, kopo la grisi: Kwa Wanawake.
Kiti cha marehemu mumewe hakukibandika kitu.
Paka alipata zote mbili, akazilamba,
akaenda kulala juu ya friji.

Jumapili Titouan, mjukuu, akaja kula.
Miaka kumi na sita, masharubu ya kuhesabika.
Alisoma jikoni nzima kwa sauti, akacheka mpaka akakaa chini,
kisha akainuka kumsalimu bibi vizuri,
shavu hili, shavu lile.
Ghislaine akasimama pale pale, amemshika bega.
Shingoni mwa mtoto kulikuwa na yasmini,
kali, ya kujimwagia, ya mtu asiyejua bado kipimo.

Akamtazama mikono.
"Umechoka?" akamuuliza. "Kaa. Umetoka kazini?"

"Kazi gani, bibi?" akasema Titouan. "Leo Jumapili."