Kwa Kuwa

Limenifikia mezani saa tatu asubuhi
na kijikaratasi cha njano:
"Concetta, hili la leo leo. Visiwani wamepata rais mpya.
Maneno ya kawaida. Ilídio."

Maneno ya kawaida ninayo.
Miaka ishirini na sita chini ya kuba jeupe la Providence
nimewapongeza wazima moto waliostaafu,
wasichana wa mpira wa magongo,
bibi wa Woonsocket aliyetimiza miaka mia na mbili
akafariki kabla wino haujakauka,
na tanuri la mkate la mtaa wa Atwells, ambalo Baraza,
kwa kauli moja, liliona halina mfano.

Nikafungua faili la zamani.
KWA KUWA wananchi wa Kaboverde wamepiga kura kwa amani;
KWA KUWA watoto wao wamelijenga jimbo hili pamoja nasi,
gatini, viwandani, mashambani;
KWA KUWA Mheshimiwa Fulani
ni mtu wa hekima, uadilifu na maono...

Fulani wa miaka mitano iliyopita.
Wa leo ndiye aliyemwangusha,
baada ya kumwita mwizi wa mchana kweupe.
Nikafuta jina. Nikaandika jina.
Hekima haikusogea, uadilifu haukustuka,
maono yakabaki na koma yake ile ile.
Koti la kuazima: kila ajaye linamkaa.

Kitu kimoja tu nilikigusa.
Faili lilitaja visiwa tisa.
Nikashusha atlasi, nikahesabu kwa ncha ya kalamu,
mara mbili, nikaongeza cha kumi.

Ukumbini Tavares alisoma mbio
kwa sababu theluji ilikuwa imeanza
na kila mtu anawaza barabara.
Mmoja akimenya chungwa.
Wawili wakinong'onezana juu ya kodi ya magari.
"Wanaokubali?"
Ndiyo ikatoka kama kikohozi cha darasa.
"Wanaokataa?"
Bomba la joto likagonga mara moja, likanyamaza.
Nyundo.

Ndipo nikainua macho.
Roshanini, peke yake, Armindo,
mfagizi wa zamu ya jioni,
amefika saa tano kabla ya zamu yake,
suti nyeusi juu, viatu vya kazi chini,
kofia kifuani.
Hakuna aliyemwambia asimame.
Alisimama hadi neno la mwisho,
na baada ya neno la mwisho,
tukiwa tumeshaingia mswada wa uvuvi wa chaza,
bado alikuwa amesimama.

Jioni akashuka kwangu, ndoo mkononi.
"Hongera," nikamwambia. "Mtu wako ameshinda."
"Mtu wangu?" Akacheka hadi ndoo ikacheza.
"Mimi nilimpigia yule mwingine.
Nilipanga foleni Pawtucket, uani kwa shule,
vidole vimekufa ganzi,
nikampigia yule mwingine, na yule mwingine akaanguka."
"Sasa mbona ulisimama?"

Akauinamia muhuri,
nanga ya dhahabu na neno moja juu yake, Tumaini.
Kidole karibu, bila kugusa.
"Umevitaja vyote," akasema.
"Hata Brava kwa mama.
Hata Santa Luzia, ambako haishi mtu."

Nakala yenyewe imeondoka ndani ya jalada la buluu.
Itapokelewa na katibu wa katibu,
itatiwa droo moja na salamu za mabenki.
Waraka, husemwa, ni nusu ya kuonana;
huu sijui ni robo ya nini.

Lakini fotokopi, iliyotoka imepinda kidogo,
imebandikwa kwa plasta kando ya boila,
juu ya ratiba ya zamu.
Jana nilishuka kutafuta balbu,
nikaona mtu amepiga mstari wa penseli, taratibu, bila rula,
chini ya kile kisiwa kitupu.